Mkono wa Mageni

Ndege ndogo ilipopita juu ya mapaa ya hospitali ikienda kutua uwanja wa Ibadakuli, wodi yote ya wanaume iliinua macho. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Daktari wa mifupa alikuwa amewasili.

"Felician, siku yako imefika," alisema mzee wa kitanda cha jirani, ambaye mguu wake ulikuwa umetundikwa kwa kamba. "Leo unang'olewa misumari, kesho kutwa uko kwenu Ushirombo, unakula ugali wa mama."

Felician alicheka kwa adabu tu. Siku hii alikuwa ameiomba kwa rozari na kwa kunung'unika, na sasa ilipofika aliiona kama mgeni aliyekuja wakati mbaya. Mkono ukipona, ataruhusiwa. Akiruhusiwa, ataondoka. Na akiondoka, Mageni je?

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, Msumbwa, mwembamba wa mwili na mpole wa sauti. Tangu ujana alikuwa amefuata dhahabu upande wa Geita, na msichana aliyemwacha nyumbani akachoka kumngoja, akaolewa. Hakumlaumu. Mwaka huu sasa, shimoni, mpini wa winchi ya kupandishia udongo ulimponyoka, ndoo ikashuka na uzito wake wote, mpini ukazunguka kama kichaa na kumpiga kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa ulisagika kama kigae. Daktari Eustace aliufungua mkono ule, akapanga vipande kimoja kimoja, akapitisha nyaya mbili nyembamba za kuvishikilia, kisha akaufunga plasta.

Mageni, Felician alimkutia bombani. Mwanamke wa Kisukuma, mrefu, shingo ndefu, mkono wa kulia ndani ya plasta, alikuwa akipambana na shuka lililolowa: upande mmoja ameuma kwa meno, upande mwingine anausokota kwa mkono wa kushoto.

"Dada, nipe upande mmoja," Felician alimwambia.

Aliachia shuka mdomoni. "Wewe mwenyewe una mkono mmoja."

"Na wewe unao mmoja. Mbona inatosha?"

Wakasokota, huyu kulia, huyu kushoto, mpaka maji yakawarukia usoni wote wawili, na Mageni akacheka. Kicheko kile kilimwingia Felician mahali ambapo hapakuwa na mtu kwa miaka mingi. Tangu siku ile wakawa wanafanya kila kitu pamoja: kumenya viazi, kufunga vifungo, kufungua kopo la maziwa. Walizungumza habari za pamba na za migodi, habari za Justa, binti mdogo wa Mageni, na za Maige, mumewe, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Hawakuzungumza habari zao wenyewe. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza.

Asubuhi hiyo ya ndege alimkuta Mageni kwenye banda la kupikia, ameinama mbele ya jiko la mkaa akimimina chai. Vidole vyake vya kulia, vile vilivyochungulia nje ya plasta, vilikuwa vimeegemea birika.

Birika lilikuwa linachemka.

"Mageni! Unaungua!"

Alishtuka, akauvuta mkono. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa nyekundu, na pembeni yake palikuwa na lengelenge jingine, la zamani kidogo, lililoanza kukauka. Felician aliutazama mkono, kisha akamtazama usoni. Mageni aliuficha mkono chini ya khanga.

"Hukusikia moto?"

"Nilisikia."

"Usinidanganye."

Mvuke wa chai ulipita katikati yao. "Ni ganzi," alisema Mageni. "Gumba na vidole viwili hivi. Itaisha."

"Imeanza lini?"

"Hata sikumbuki. Uvimbe ulipopungua."

"Na hujamwambia Sista Anisia? Mageni, daktari mwenyewe yuko hapa leo! Ndege ikishaondoka hatujui atarudi lini. Twende sasa hivi."

"Siendi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nikimwambia atataka kunipasua. Nilipoanguka kwenye mkokoteni, maksai wamekurupuka kwa honi ya lori, nilitegemea mkono huu na nikausikia unalia kama kuni kavu. Hapa wakanilaza usingizi wakauvuta. Imetosha. Na leo shemeji yangu Jilala anakuja kunichukua. Ametuma salamu. Wazee wa ukoo wamekaa, wanataka anirithi. Anataka kunikuta mzima."

Felician alihisi kama winchi imemponyoka tena. "Na wewe unataka?"

"Mtoto wangu yuko kwao. Ninachotaka mimi ni kuwa na mtoto wangu."

"Basi hata kama unakwenda, nenda na mkono ulio hai. Twende kwa daktari. Ukikataa, nitamwambia mwenyewe."

Mageni alisimama. Macho yake yalijaa machozi na hasira, na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake. "Usithubutu. Wewe ni nani kwangu, Felician? Niambie. Wewe ni nani kwangu hata uuseme mwili wangu kwa watu?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limemkaa kooni kwa wiki nyingi. Lakini alisimama pale kama mtoto aliyeulizwa hesabu, na Mageni alipoona kimya kile alichukua kikombe chake akaenda zake.

Daktari Eustace alizing'oa nyaya kwa koleo dogo, taratibu, moja baada ya nyingine. Felician alikaza meno. Maumivu yalikuwa madogo kuliko alivyoyatarajia, na jasho lililomtoka halikuwa la maumivu.

"Kunja ngumi. Vizuri. Geuza kiganja juu." Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyo na haraka. "Hutageuza mkono huu kama zamani, lakini utashika jembe. Mpini wa winchi, achana nao. Una jambo jingine?"

Ulimi ulimwinuka Felician. Usithubutu, alikuwa ameambiwa. "Hapana, Daktari," akasema, akatoka akiwa na bandeji nyepesi mkononi na jiwe kifuani.

Nje, chini ya upenu wa wodi ya wanawake, alisimama kijana mrefu mwenye koti zito la kijivu katika jua lile kali, kibuyu cha maziwa mgando kikining'inia begani. Mageni alikuwa amepiga goti mbele yake akimwamkia, kisha akainuka na kuanza kukunja vitu vyake ndani ya khanga kwa mkono wake mmoja.

"Mwangaluka, baba," Felician alimsalimu mgeni.

"Mwangaluka." Jilala alimpima kwa macho bila ubaya. "Ndiwe Felician? Mama Justa ameniambia kuna ndugu wa Ushirombo aliyekuwa anamsaidia. Wabeja sana, asante. Sisi tunaondoka. Lori la pamba litatupitia."

"Safari njema," alijibu.

Alipiga hatua mbili za kuondoka. Mageni hakuinua kichwa. Kidole chake chenye lengelenge kilikuwa kinaburuzika juu ya fundo la khanga, hakijui kinagusa nini, kinapapasa kama kipofu. Felician akageuka.

"Bwana Jilala, mshike kidole."

"Felician!" Mageni alipaza sauti.

"Mshike hicho cha shahada. Mfinye. Mfinye kwa ukucha."

Jilala aliwatazama wote wawili, amechanganyikiwa. Halafu, polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja yai, alikishika kidole cha mjane wa kaka yake akakifinya.

"Unasikia, Mama Justa?"

Mageni alitazama chini. Jilala akafinya tena, kwa nguvu, mpaka ukucha ukaacha alama. Akafinya cha kati. Akafinya gumba. Kibuyu kiliteleza begani mwake, na asingekidaka Felician kwa mkono wake mzima, maziwa yote yangemwagika.

"Mbona hukusema?" Jilala alinong'ona. "Mama yangu, mbona hukusema?"

Mageni alikuwa analia sasa, bila sauti, akimwangalia Felician kama mtu aliyemwibia.

Picha mpya ya eksirei ilipigwa saa ileile. Daktari Eustace aliishika mbele ya dirisha, wote watatu wamesimama nyuma yake, na Sista Anisia, muuguzi mkuu wa wodi, pembeni.

"Kifundo cha mkono kina vifupa vinane, vidogo kama kokoto. Hiki cha katikati, kilicho kama mwezi mchanga, kiliteguka siku ile alipoanguka. Walikirudisha kwa kuvuta, kikakaa vizuri. Picha ya siku ile hii hapa. Uvimbe ulipokwisha, plasta ikalegea, kikateleza tena kikaja upande wa kiganja. Sasa kimelalia mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole hivi vitatu. Ndiyo maana unaungua na husikii, mama. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kisu."

"Kila mtu anakiogopa. Ningekuwa mimi ninayelala pale mezani, ningekiogopa pia."

Jilala alikohoa. "Daktari, kwetu yuko mzee anayeunga mifupa. Mguu wangu huu aliuunga yeye."

"Na aliuunga vizuri, nimeona unavyotembea. Mfupa wa mguu mtu anaushika kwa nje. Hiki kimejificha chini ya kano na mishipa, na kimekaa huko muda mrefu. Hakuna mkono utakaokisukuma, si wangu wala wa mzee wako. Lazima nifungue, nikirudishe mahali pake, nikifunge na wenzake kwa nyaya kama nilivyomfanyia huyu bwana."

"Nitalima?" Mageni aliuliza.

"Utalima, ingawa mkono hautakunja kama zamani."

"Na vidole?"

Daktari alivigusa kimoja kimoja. "Siwezi kukuapia. Mshipa uliobanwa muda mrefu huamka polepole, na mwingine hauamki wote. Ila nikiuacha hivi, vidole vitakauka. Hilo naweza kukuapia."

Mageni aliutazama mkono wake. Aliwatazama Jilala na Sista Anisia. Kwa Felician hakupeleka jicho hata kidogo.

"Pasueni," alisema.

"Nani ndugu wa kuridhia?" aliuliza Sista.

"Mimi," alisema Jilala.

Neno dogo hilo lilimchoma Felician kuliko koleo la asubuhi. Jilala alikuwa na haki ya kulisema. Yeye hakuwa nayo.

Benchi la nje ya chumba cha upasuaji lilikuwa moja tu, kwa hiyo walikaa pamoja, kibuyu katikati yao. Mlango ulikuwa umefungwa. Harufu ya dawa ilipenya chini yake. Kisha Jilala akafungua kibuyu, akanywa, akamsogezea mwenzake.

"Kunywa. Vinginevyo yataharibika."

Felician akanywa.

"Unampenda?" Jilala aliuliza, macho yake mlangoni.

Hapakuwa na pa kujificha. "Ninampenda."

"Umeshamwambia?"

"Hapana."

Jilala alitikisa kichwa. "Mimi nilifika jana jioni, sikuingia, nikaenda kulala mjini. Nilipofika getini nilisikia mwanamke anacheka kule jikoni. Nikajisemea, kicheko hiki nakijua. Kaka yangu alipokuwa hai, kicheko kile kilikuwa kinasikika mpaka kwenye zizi. Alipokufa, tukakizika naye. Miaka mitatu, bwana. Miaka mitatu mama yangu anampikia, watoto wanamchezea, mimi namlimia, wala hajacheka." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Nilisimama pale getini nikiona aibu kuingia."

"Sikukusudia kumchukua kwenu."

"Najua. Mimi nami sikukusudia kumrithi. Wazee walisema, nikaitika. Ni mke wa kaka yangu, namheshimu mno. Nikimtazama namwona Maige. Mtu utalalaje na heshima na huzuni kitanda kimoja?"

Felician alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu, na chuki yote ilikuwa imemtoka kama maji kwenye shuka.

"Lakini nisikilize," Jilala aliendelea, na sauti yake ikawa nzito. "Maneno ya ng'ombe wa mahari ni ya ukoo, si yangu. Utakuja na wazee wako, mtakaa chini, mtaongea. Sitakupigania wala sitakupinga. Na Justa ni damu yetu."

"Ana mama."

"Ndiyo," alisema Jilala, akikiziba kibuyu. "Ana mama."

Mlango ukafunguka. Daktari Eustace alitoka akivua kofia ya kitambaa. Alikuwa amechoka, lakini uso wake ulikuwa umelegea. "Kimerudi mahali pake. Mshipa ulikuwa umebanwa vibaya, lakini haukukatika. Sasa tumwachie Mungu na muda."

Jilala alifumba macho. Felician alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kushika ukuta.

Wakati wa kuona wagonjwa, Jilala aliingia kwanza, hakukaa. Alipotoka alisema tu, "Anakuita."

Mkono wa Mageni ulikuwa umetundikwa juu kwenye nguzo ya chuma, plasta mpya nyeupe mpaka juu ya kiwiko. Midomo yake ilikuwa imekauka. Felician alimnywesha maji kwa kijiko kabla hajaketi.

"Ulinisema," Mageni alisema.

"Nilikusema."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza. Na ungenikataza tena ningesema tena. Kukukosa wewe ukiwa na mkono mzima, ningevumilia. Kukuona unapanda lori huku vidole vyako vinakufa, nami nimenyamaza ili unione mtu mwema, hilo nisingeweza. Nisamehe."

"Nimekusamehe nilipofumbua macho. Lakini nilikuuliza swali asubuhi, ukasimama kama gogo."

"Niliogopa." Felician alivuta kiti karibu. "Mageni, nataka kukuoa. Hiyo tu. Ningekuwa na maneno mazuri zaidi ningekupa."

"Unanihurumia. Mjane, mkono mbovu."

"Wangu nao mbovu, umeuona. Na ndiyo, nakuhurumia. Nani asingekuhurumia leo? Lakini wodi yetu nzima naihurumia na bado nalala fofofo. Wewe ndiye unaninyima usingizi."

Mageni alicheka, kicheko kikamtikisa mkono, akakunja uso kwa maumivu, akacheka tena. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni. Felician aliyafuta kwa upindo wa khanga yake.

"Mama yako atasemaje?" aliuliza alipotulia. "Mwanawe wa pekee, na mimi sijabatizwa."

"Atanuna. Alishanichagulia binti wa mtu wa parokia. Atanuna mpaka mahindi yavunwe, halafu siku moja atakuuliza kama umekula. Akishauliza hivyo, basi."

"Na mama mkwe wangu? Na Justa?" Kicheko kilikuwa kimeisha. "Felician, sikubali kitu bila mtoto wangu. Ukinitaka mimi peke yangu, niache hapa."

"Nawataka wote."

"Hujamwona. Utamtakaje mtu hujamwona?" Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akamshika. Ilikuwa mara ya kwanza kushikana bila kuwa na kitu cha kumenya au cha kukamua. "Umeruhusiwa. Kesho asubuhi Jilala anaondoka. Nenda naye. Usiende kuposa, nenda kama mtu aliyetoka kwa mama yake. Mwambie nimepasuliwa na nimeamka. Wameshamwambia mengi mtoto yule, nataka asikie kwa mtu aliyeniona. Akikukimbia, usimfuate. Akikuuliza maswali, mjibu kweli tupu. Halafu rudi uniambie amesema nini."

"Nikuache hapa peke yako?"

"Nina Sista Anisia. Na nina mkono mmoja." Alimkaza vidole. "Nenda. Nikikuona unarudi getini, nitajua."

"Utajua nini?"

Mageni alifumba macho, usingizi wa dawa ukimvuta tena. "Kwamba umewaona," alisema, "na bado unanitaka."

Lori la pamba lilirudi tupu kutoka kiwandani, likasimama mbele ya geti injini ikinguruma. Abiria wengine walikuwa wameshapanda nyuma na mizigo yao. Jilala aliruka ndani kwa mguu ule uliowahi kuvunjika. Felician alibaki chini. Ubavu wa lori ulikuwa mrefu, na mkono wa kushoto, uliong'olewa nyaya jana tu, haukuweza kumbeba.

Alipogeuka nyuma, mlangoni mwa wodi ya wanawake, Sista Anisia alikuwa amemshikilia Mageni bega. Hakupunga. Alisimama tu anatazama, plasta yake ikimeta juani.

"Leta mkono," Jilala aliita, ameinama. "Ule mzima."

Akamvuta mpaka ndani. Lori liliondoka kwa kishindo, wakaangukia magunia matupu, vumbi likapanda, na hospitali ikamezwa nyuma yao.

"Mama yangu ni mkali," Jilala alisema akijipangusa koti. "Mwangaluka ya barabarani haitamtosha. Kwetu unataja ukoo, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, ndipo unauliza afya yake. Ukikosea mpangilio, atajifanya hakusikia."

"Nifundishe."

Jilala akasema salamu nzima, Felician akairudia. Jilala akamsahihisha. Akairudia tena, na tena Jilala akamsahihisha, na abiria wengine wakaanza kuwasikiliza. Lori lilipokata kona ya kuelekea kijijini, Felician aliisema mara ya tatu, polepole, macho yake yametazama njia iliyo mbele. Safari hii Jilala hakusahihisha kitu. Alimwitikia, kwa ukamilifu, kama mtu anavyoitikiwa anapofika nyumbani.